Wauzaji wa mikseri za zamani Nairobi, mafunzo mnayotutoza si mafunzo

Wadau wa kurekodi nyumbani,

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sina nia ya kuificha. Katika jiji hili pamezuka biashara ya kuuza mikseri za analogi, yaani mashine za kuchanganyia sauti, zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980, zile pana zinazojaza meza nzima, na karibu kila muuzaji anaambatanisha kitu anachokiita mafunzo. Mimi niliuziwa mikseri ya Kiingereza yenye chaneli 24 na mmoja wa wauzaji hao, nikatozwa shilingi 15,000 juu ya bei kwa ajili ya mafunzo hayo, na ninachosema hapa ni kwamba fedha hizo zilichukuliwa bila kufundishwa chochote. Simtaji kwa jina, kwa sababu nimezungumza na wenzangu wa Umoja, Kasarani na Rongai, nikakuta kwamba wao pia walitendewa vivyo hivyo na watu wengine kabisa. Huu umekuwa mtindo wa biashara nzima.

Mafunzo yenyewe yalikuwa hivi. Mwalimu aliyeletwa na muuzaji aliwasha mikseri, akazungusha vitufe vya chaneli ya kwanza mpaka sauti yake mwenyewe ikatoka vizuri kwenye spika, kisha akaniambia, "Boss, toa simu upige picha. Ukifika nyumbani weka vitufe hivi hivi." Nilimuuliza kwa nini kitufe cha juu kabisa kimeelekezwa saa tisa na si saa sita, akanijibu kwamba hapo ndipo sauti inapokaa. Tukahamia kwenye gitaa, nikaambiwa nipige picha nyingine. Tukahamia kwenye kinanda, nikaambiwa nipige picha ya tatu. Baada ya hapo alivaa koti, akanipa mkono, akaniambia sasa mimi ni prodyuza.

Picha hizo hazina faida yoyote, na mtu anayejiita mwalimu wa mikseri analijua hilo au anapaswa kulijua. Kitufe cha juu ni cha geini, na kazi yake ni kukuza umeme mdogo sana unaotoka kwenye maikrofoni, ambao mara nyingi ni milivolti chache tu, mpaka ufikie kiwango ambacho mikseri imeundwa kukishughulikia. Kiasi cha kukuza kinategemea aina ya maikrofoni, umbali wake kutoka mdomoni, na nguvu ya sauti ya anayeimba siku hiyo. Geini inayomfaa mwimbaji wa kwaya mwenye kifua kipana itamfanya msimulizi wa hadithi asisikike, na ukibadilisha maikrofoni ya kawaida ukaweka ile ya kondensa inayohitaji volti 48, mpangilio wote wa picha unakuwa hauna maana. Ukikuza kidogo mno, kelele za mikseri yenyewe zitapanda pamoja na sauti yako utakapojaribu kuirekebisha baadaye. Ukikuza kupita kiasi, sauti itapasuka mlangoni kabisa, na hakuna kitelezi (kile cha kusukuma juu na chini kupandisha sauti) wala ikwalaiza (vile vitufe vya besi na sauti kali) ya mbele yake itakayoiponya.

Kilichopaswa kufundishwa ni njia ya sauti, na haihitaji shahada. Katika mikseri nyingi za aina hii, sauti inaingia kwenye amplifaya ya mwanzo, inapita kwenye tundu la insati ambapo unaweza kuitoa nje na kuirudisha, inakwenda kwenye ikwalaiza, inagawanywa na vitufe vya ogziliari vinavyopeleka sehemu yake kwenye vifaa vingine, inashuka kwenye kitelezi, inapita kwenye kitufe cha kushoto na kulia, ndipo inapokutana na chaneli nyingine kwenye grupu au kwenye mkondo mkuu. Mtu akiishajua mpangilio huo, chaneli moja imemfundisha zote 24, maana zimefanana, na mikseri iliyokuwa ikimtisha kwa vitufe mamia inabaki kuwa kitu kimoja kilichorudiwa mara nyingi. Mwalimu angenionyesha kwamba nikibonyeza kitufe cha PFL ninasikia na kupima sauti kabla haijafika kwenye kitelezi. Kwamba ninamwomba mwimbaji aimbe ile sehemu anayopaza sauti zaidi, si kuhesabu moja, mbili, tatu kwa upole. Kwamba ninapandisha geini mpaka mshale wa mita ucheze karibu na sifuri, kisha ninaweka kitelezi kwenye alama yake ya sifuri na kuanzia hapo. Maelezo hayo yangechukua nusu saa.

Nitoe mfano unaoniuma zaidi, kwa kuwa ndio ulionifanya nitake mikseri hii. Mjomba wangu anapiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, na niliazimia kumrekodi angali na nguvu. Wanaoijua nyatiti wanajua kwamba haina nyuzi nane peke yake. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, akagonga nayo ubao wa chombo, na kengele za gara zinalia mguuni, huku yeye mwenyewe anaimba. Nyuzi ni za upole na pete ni kali. Mita ya mshale iliyo kwenye mikseri za zamani imeundwa makusudi iwe nzito: huchukua takribani milisekunde 300 kufikia kiwango kamili, kwa hiyo inaonyesha wastani wa sauti jinsi sikio linavyousikia, lakini lile pigo la pete linaingia na kutoka kabla mshale haujainuka. Mwalimu alikuwa ameniambia, "Ukiona mshale haujagusa nyekundu, uko sawa." Mshale haukugusa nyekundu hata mara moja, na kila pigo la pete lilirekodiwa likiwa limepasuka. Nilimtazama mjomba akiyasikiliza mapigo yake yaliyopasuka na sikuwa na la kumwambia. Mikseri nzuri ya studio huwa na nafasi ya desibeli 15 au zaidi juu ya sifuri ya mshale, na nafasi hiyo iliwekwa kwa ajili ya milio ya namna hii hii, lakini huwezi kuitunza kama hujaambiwa kwamba ipo, na tena kama hujaambiwa kwamba mlio mkali unahitaji geini ya chini kuliko ile inayoonekana kufaa kwenye mshale.

Upande wa kompyuta nao ulipitiwa juu juu. Niliambiwa nichukue waya mbili kutoka mkondo mkuu nizichomeke kwenye kadi ya sauti, basi. Kwa njia hiyo chaneli zote zinaingia kwenye kompyuta zikiwa zimechanganywa tayari, na ukitaka baadaye kupunguza gara bila kugusa sauti ya mjomba, huwezi. Ilhali kila chaneli ya mikseri yangu ina tundu lake la insati nyuma. Ukichukua plagi ya stereo ukaunganisha ncha na pete yake (ule mkanda wa chuma unaofuata ncha) kwa lehemu, unapata sauti ya chaneli hiyo peke yake bila kuikatiza safari yake, na ukiwa na kadi ya sauti yenye matundu manane unarekodi vitu vinane kila kimoja kwenye njia yake. Hakuna aliyenieleza pia kwamba sifuri ya mikseri ya studio kwa kawaida ni takribani volti 1.23, wakati vifaa vingi vya nyumbani vinatarajia takribani volti 0.316, tofauti inayokaribia desibeli 12, na kwamba ndiyo sababu kadi ya bei nafuu inawaka taa nyekundu wakati mikseri yenyewe inaonekana imetulia. Nilijisomea haya yote usiku, peke yangu, baada ya kumlipa mtu anisomeshe.

Sasa nifike kwenye umeme, na hapa naomba kila mmoja asome kwa makini, kwa sababu hili limevuka mipaka ya fedha.

Mikseri ilikuwa na mvumo tangu siku ya kwanza. Nilipompigia muuzaji aliniambia, "Hilo ndilo joto la analogi, kaka, watu wanalilipia." Nimeshachoka na neno hilo kutumiwa kufunika ubovu. Mvumo una chanzo, na chanzo kinatafutwa. Unachomoa waya zote, unabaki na mikseri na hedifoni peke yake. Mvumo ukiendelea, na hasa ukiwa ni ule wa hezi 100, ambao ni maradufu ya hezi 50 za stima yetu, unashuku kapasita za pawasaplai, sehemu inayolisha mashine umeme, ambazo zimekauka baada ya miongo mitatu au minne. Mvumo ukinyamaza, basi tatizo huenda ni mzunguko wa ardhi kati ya mikseri na kompyuta, yaani vimeunganishwa ardhini kwa njia zaidi ya moja, na unaanza kwa kuviunganisha vyote kwenye soketi moja ya ukutani na kutumia waya za njia tatu zilizosawazishwa mahali zinapokubalika.

Fundi aliyetumwa na muuzaji hakufanya lolote kati ya hayo. Alifungua plagi ya pini tatu, akashika koleo, akataka kukata waya wa ardhi, akisema kelele zitaisha. Nilimzuia. Ndugu zangu, mikseri hizi zina mwili wa chuma, na maikrofoni inayoguswa na midomo ya mwimbaji imeunganishwa na chuma hicho hicho kupitia waya wake. Ndani ya pawasaplai kukitokea waya wa volti 240 uliochubuka ukagusa bati, waya wa ardhi ndio unaofanya fyuzi ikatike papo hapo. Ukiondolewa, bati zima linakaa na umeme, likimngoja wa kwanza kuligusa akiwa peku kwenye sakafu ya simiti. Fundi anayekata waya huo ili mteja anyamaze anacheza na roho ya mtu, na anayemtuma ana hatia pamoja naye.

Huyo huyo fundi alikuwa amekwisha kupuliza mafuta ya kulainisha bawaba kwenye vitelezi vinne. Viliteleza vizuri kwa siku chache, halafu vikaanza kunata na kukwaruza vibaya kuliko mwanzo, kwa sababu mafuta hayo yanaosha grisi ya kiwandani na kukusanya vumbi, na vumbi la Nairobi tunalijua sote. Dawa ya kusafisha sehemu za umeme ipo, inauzwa barabara ya Luthuli kwenye maduka yale yale anakonunua waya zake.

Kuna pia wanaouza mikseri zilizotoka Marekani, za volti 120, bila kumtajia mnunuzi kwamba akichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya hapa ataiunguza. Mwenzangu mmoja wa Rongai yamemkuta, na aliambiwa kwamba dhamana haihusu "stima mbaya".

Wengine watasema ninunue kadi ya sauti na programu niachane na vyuma vya zamani. Sikubaliani nao. Muziki mwingi wa mji huu, benga iliyorekodiwa kwenye studio za River Road pamoja na matangazo ya Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la taifa, kabla ya jina la KBC kurudi mwaka 1989, ulipita kwenye mikseri za analogi, na waliozikalia walikuwa mafundi waliofunzwa kufuata sauti kutoka tundu moja hadi jingine. Wengine wao bado wako hai, wamestaafu. Maarifa yapo hapa hapa. Nami naipenda mashine hii. Chaneli zake zilizo salama zina sauti safi na ya kutosheka, na kuweka mkono kwenye kitelezi huku mtu anaimba mbele yako ni jambo ambalo kipanya hakijanipa bado. Ndiyo sababu inaniuma kuona watu wanaouza mashine hizi wakizifanya zionekane mazimwi yasiyoeleweka ili mteja arudi kulipia kila mvumo. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, na naamini hofu hiyo ndiyo inayowafanya wafundishe kwa picha za simu.

Madai yangu kwa muuzaji, ambaye najua anasoma humu, ni haya. Anirudishie shilingi 15,000 za mafunzo, au alete mtu anayeweza kukaa nami mbele ya chaneli moja na kunieleza kila tundu lake kuanzia juu hadi chini. Agharimie vitelezi vinne vilivyoharibiwa na fundi wake. Anipe mwongozo wa matumizi na mchoro wa saketi ya pawasaplai, vitu ambavyo vilikuwa kwenye maelezo ya tangazo na havikuwa kwenye boksi. Na amwambie yule fundi, kwa maandishi, asikate waya wa ardhi wa mteja yeyote tena.

Kwa wadau wengine: kama mlinunua na kufundishwa hivi hivi, andikeni hapa chini mlichofundishwa, bila majina, ili anayetaka kununua ajue maswali ya kuuliza kabla hajatoa pesa. Kama kuna fundi mwenye multimita, anayeweza kupima njia za umeme za pawasaplai, zile za volti 17 chanya na hasi pamoja na ile ya volti 48, na kubadilisha kapasita za pawasaplai huku akinieleza anachokifanya, aniandikie pembeni aseme bei yake. Mjomba anarudi Nairobi mwezi ujao, na nataka mvumo uwe umeondoka kabla hajakaa mbele ya maikrofoni.