Naomba ushauri: pedali ngumu ndiyo breki nzuri?

Wakuu, pedali ya breki ya gari langu ni laini, inashuka kidogo kabla ya kushika. Upepo ndani ya mfumo wa breki umetolewa, mafuta ya breki ni mapya, hakuna panapovuja. Fundi ananishawishi nitoe paipu za mpira za mafuta ya breki niweke zilizofumwa kwa nyuzi za chuma, eti gari litasimama mapema. Hapo ndipo sielewi. Nikikanyaga kwa nguvu, ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) inafanya kazi magurudumu yote, yaani breki tayari zinauzidi mshiko wa tairi. Paipu hizo zitabadilisha ninachosikia mguuni (sikatai, raha yake ipo), lakini umbali wa kusimama si unaamuliwa na tairi na barabara? Hela niipeleke kwenye tairi kwanza? Na mliowahi kupima umbali huo, mlipimaje kwa usalama?