Pistoni ya breki ya nyuma imegoma kurudi, naomba ushauri

Ndugu mafundi, habari zenu. Niko Goma, gari ni Golf 4 ya 2001. Plaketi (pedi za breki) zimeisha. Za mbele nilibadilisha bila shida: kibanio cha seremala kilisukuma pistoni ikaingia taratibu. Nyuma imegoma kabisa. Pistoni ina vitundu usoni, na kamba ya breki ya mkono imeshikwa kwenye etriye hiyohiyo (kifaa kinachobeba pistoni na kubana plaketi). Nimelegeza kamba, nimefungua kifuniko cha mafuta ya breki, nimekaza mpaka kibanio kikapinda (cha kuazima, aibu yangu). Hata milimita haikuingia. Jirani anasema hii huzungushwa kama skrubu.

Ni kweli? Nizungushe upande gani, na koleo ya mdomo mrefu itatosha? Tena kiraba cha kuzuia vumbi kwenye pistoni kimechanika kidogo, nirudishe hivyo au nibadilishe kwanza?