Naombeni ushauri: wageni wangu wa kuvua sangara Rubondo, niende au nirudishe advansi?

Kijana wa Igombe: Habari za jioni wakuu. Niko Mwanza. Kuna wageni wanne wanataka Jumamosi niwapeleke kisiwa cha Rubondo wakavue sangara kwa fimbo, ule uvuvi wa starehe: unamnasa, unapiga naye picha, unamwachia. Bei tumeelewana, advansi nimepokea. Sasa tangu juzi ni mvua na upepo, usingizi sipati. Masika haya ziwa linaruhusu? Wenye uzoefu tu, matusi hapana.

Bondo la Sangara: Sangara wa kilo 40 anaachiwa aondoke na bondo lake, kile kibofu cha hewa chenye hela? Nichukue msaidizi mkuu. Wakimwachia, naruka naye.

Mama Nansio: Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, huingii kama unavyoingia soko la samaki la Mwaloni. Kuna kiingilio na kibali cha kuvua. Umeshughulikia?

Kijana wa Igombe: Hayo yatamalizwa hukohuko mama. Mimi nimeuliza hali ya hewa.

Nahodha Mstaafu: Hali ya hewa nitakujibu. Radi za ziwa hili zinapenda usiku kwenda alfajiri. Wengi mnajidanganya kwamba saa kumi alfajiri ziwa limelala, mnasukuma boti gizani, wingu linawakuta katikati na hamlioni linatokea wapi. Masika ngoja kupambazuke, tazama wingu, sikiliza utabiri, na ukiwa na shaka usitoke. Nimevua miaka 22, siku nilizobaki nyumbani sijawahi kuzijutia. Sasa niambie: boti gani, injini gani, majaketi ya kuokolea mangapi?

Kijana wa Igombe: Boti ya faiba, iko vizuri tu.

Nahodha Mstaafu: Sijauliza kama iko vizuri.

Kijana wa Igombe: Injini ya nguvu farasi 15. Majaketi manne.

Nahodha Mstaafu: Wageni wanne, wewe, na wa kukusaidia. Nyie wawili mtavaa nini?

Kijana wa Igombe: Sisi tunajua kuogelea.

Mtumishi wa Bwana: Vijana wa siku hizi tamaa imewajaa. Hela ya haraka haina baraka. Mtangulize Mungu, na zaka ukumbuke.

Dagaa Mkavu: Hao wa MV Bukoba, meli iliyozama, nao walikuwemo waliojua kuogelea. Mei 21, 1996 nilikuwa darasa la tano. Mama mdogo alikuwa anatoka Bukoba na ndizi za sherehe ya kipaimara. Baba alikwenda bandarini kutwa, akarudi hasemi. Makaburi ya Igoma mpaka leo nikipita na daladala nageukia upande wa pili. Samahani, nimetoka nje ya mada.

Mama Nansio: Pole sana baba. Wewe Kijana, boti ni yako?

Kijana wa Igombe: Ni ya shemeji, mume wa dada. Yuko Dar kwa matibabu, kaniachia nibebee dagaa.

Mama Nansio: Anajua unabeba wageni?

Kijana wa Igombe: Hajakataa.

Mama Nansio: Umemuuliza?

Kijana wa Igombe: Mgonjwa hasumbuliwi mama. Halafu kurudisha advansi mnaona rahisi, mimi nimeshanunua fimbo mbili na samaki bandia wa kuburuta, iliyobaki nimelipa kikoba. Wangenikuta mikono mitupu mngesemaje?

Bondo la Sangara: Kwa hiyo ulikuja kuuliza hali ya hewa ya kikoba.

Furu Mdogo: Wakuu mnalishwa chai, tena ya maziwa. Kirumba mpaka Rubondo ni zaidi ya kilomita mia moja. Injini ya 15, watu sita, madumu ya mafuta: ukitoka kumepambazuka unafika jua linazama, utavua saa ngapi? Waendao Rubondo wanapandia Nkome au Kasenda. Huyu hana boti, hana wageni, labda hata shemeji hana.

Mtumishi wa Bwana: Uongo ni dhambi.

Dagaa Mkavu: Na mimi nimemsimulia habari za mama mdogo.

Kijana wa Igombe: Sio chai! Someni vizuri, mimi sijasema nitafika Rubondo. Wao ndio nimewaambia Rubondo. Nazungukia kisiwa cha Kome hapo, sangara wapo, nyasi zipo, wageni wenyewe ndiyo kwanza wanaliona ziwa. Wakipata samaki nani atauliza jina la kisiwa?

Nahodha Mstaafu: Mdogo wangu, watu wakipotea, ndugu zao watawatafuta Rubondo. Umeliwaza hilo?

Mama Nansio: Mpigie dada yako usiku huu. Wageni waambie ukweli, wakubali kukudai.

Kijana wa Igombe: Nawaza. Ila mmoja wao kanitumia ujumbe sasa hivi, anauliza kama tutaona wale sokwe wa Rubondo.

Bondo la Sangara: Sokwe wa Kome! Umemjibuje?

Kijana wa Igombe: Nimemwambia inategemea na siku.