Naomba ushauri: je, pumba za mpunga zinaweza kunipunguzia saruji katika nyumba yangu ya Buswelu?

Mleta uzi, Buswelu
Ndugu wanajamvi, nina kiwanja mlimani Buswelu, Mwanza, na mwezi ujao natarajia kuanza msingi wa nyumba ya vyumba vitatu. Nimesoma kwamba saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na kwamba wapo wanaotengeneza zege linalofungia kaboni nyingi kuliko iliyotoka wakati wa kulitengeneza. Huku kwetu kila mashine ya kukoboa mpunga ina kilima cha pumba zinazochomwa bure. Nikichanganya majivu yake na saruji, nitapata zege la namna hiyo? Fundi wangu amekataa, nami sitaki kumlazimisha jambo nisilolielewa.

Mjumbe, Nyegezi
Mkuu, tenganisha majivu na mkaa, kwani hapo ndipo wengi tunapopotea. Pumba zikiungua hadi kuwa majivu meupe, kaboni yake imekwisha kurudi hewani, na kinachobaki kwa wingi ni silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, ambayo huungana na chokaa inayotolewa na saruji inapokomaa. Majivu hayo yakisagwa laini yanaweza kushika nafasi ya asilimia 10 hadi 20 ya saruji, mradi moto usizidi takriban nyuzi 700, maana ukizidi silika hugeuka fuwele na kulala ndani ya zege kama mchanga tu. Huko ni kupunguza uchafuzi, na ni jambo jema, lakini hakujafika chini ya sifuri.

Mkaa wa pumba, yaani zile zilizochomwa kwa hewa kidogo, ndio unaobaki na kaboni ambayo mpunga uliivuta ukiwa shambani, na kila kilo ya kaboni hiyo ni sawa na takriban kilo 3.67 za hewa ya ukaa. Hata hivyo mkaa hunywa maji na hauna nguvu ya kubeba mzigo, kwa hiyo uloweshe kabla ya kuchanganya, na usiuweke kabisa kwenye nguzo wala linta. Na zege la namna uliyosoma, mfano lile la Japani liitwalo CO2-SUICOM, hukomazwa ndani ya chumba kilichojazwa hewa ya ukaa, kwa kawaida halimwagwi kiwanjani.

Mjumbe, Igoma
Fundi wako ana haki ya kuogopa. Mimi ningeanza na kile ambacho Mwanza imejaliwa: jenga msingi wa mawe, kisha kuta za matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine kwa saruji ya asilimia 5 hadi 10 bila kuchomwa kwa kuni. Pima udongo kwanza kwa kuutikisa ndani ya chupa ya maji na kuuacha utuame, kwa sababu luseni mtupu, yaani udongo wa kichanga, hauna mfinyanzi wa kutosha kushikana, na udongo wa mbuga, ule mzito wenye mfinyanzi mwingi, hupasuka ukikauka.

Mleta uzi, Buswelu
Nashukuru sana, wakuu. Nguzo na linta nitaziacha kwa zege la kawaida kama fundi anavyotaka. Mkaa nitaujaribu kwenye matofali machache ya ukuta wa uzio, niyaache yapitiwe na masika, ndipo nirudi hapa na picha.