Breki ya kurejesha umeme isiyotambua lami iliyorowa: wauzaji na watengenezaji watujibu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha, kwani lililonikuta kwenye mteremko wa barabara ya Chake Chake kwenda Mkoani linaweza kumkuta yeyote kati yenu aliyenunua gari la umeme lililotumika na kuhakikishiwa kuwa ni gari salama lisilo na usumbufu.

Ilikuwa mvua ya mwanzo ya masika, ile inayochanganyika na vumbi na mafuta yaliyoganda juu ya lami kwa miezi ya ukame, na kila dereva wa Pemba anaijua hatari yake. Nilikuwa na mke wangu na watoto wawili, na mwendo wangu haukufika kilomita 50 kwa saa. Nilipoikaribia kona niliondoa mguu kwenye pedeli ya mwendo, wala sikuigusa breki. Gari likaanza kujizuia lenyewe, tairi za mbele zikakosa mshiko, nikakata usukani na gari halikutii, likanyooka kuelekea mtaroni. Mara kile kizuizi kikaachia kwa ghafla, nikahisi kama tumesukumwa kwa nyuma, na ndipo breki ya mguu, niliyokuwa nimeikanyaga kwa hofu, ilipoanza kushika. Tulisimama tairi moja ikiwa nje ya lami. Alhamdulillah, hakuna aliyeumia.

Aliyeniuzia gari alinijibu kwamba udereva wangu ndio mbovu na kwamba nikanunue tairi mpya, ilhali tairi hizo zina miezi mitatu tu. Fundi aliyelipima kwa kompyuta akasema halina kosa lolote. Hapo ndipo ulipo msingi wa malalamiko yangu: kompyuta haikuona kosa kwa sababu gari lilifanya kile kile lilichopangiwa kufanya.

Ukiondoa mguu, mota hugeuka jenereta, ikachukua nguvu ya mwendo na kuirudisha kwenye betri; hiyo ndiyo breki ya kurejesha umeme. Nguvu hiyo ya kuzuia hupita kwenye magurudumu yanayoendeshwa na mota peke yake, na kwenye gari langu ni mawili ya mbele, tofauti na breki ya kawaida inayogawanya kazi kwa magurudumu yote manne. Tairi nayo ina mshiko wenye kikomo, na mshiko huo huo ndio unaotumika kuzuia gari na kulipindisha. Ukiumaliza kwenye kuzuia, wa kukatia kona utautoa wapi? Mfumo wa ABS, ule unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki, hukata breki ya umeme pale unapohisi gurudumu linateleza, lakini kwangu uliikata baada ya utelezi kuanza, na pengo lile kabla ya breki ya mguu kushika ndilo lililotupeleka ukingoni.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba dawa yake imo ndani ya gari hilo hilo. Kila gurudumu lina kihisi cha mwendo. Magurudumu ya nyuma, yakiwa hayavutwi na mota, hueleza mwendo wa kweli wa gari, na yale ya mbele yakianza kuzunguka polepole kuliko hayo hata kwa kiasi kidogo, hiyo ni dalili kwamba mshiko unapungua. Gari linajua vilevile kama waipa zinafanya kazi na usukani umekatwa kiasi gani. Mota ya umeme hubadilisha nguvu yake ndani ya milisekunde, kwa kasi isiyoweza kufikiwa na mafuta ya breki. Kwa nini basi nguvu ya kuzuia isipunguzwe mapema, na sehemu iliyobaki ikapelekwa kwenye breki za magurudumu yote manne?

Watengenezaji wakisema kufanya hivyo kunapoteza umeme, na tupige hesabu. Gari la kilo 1,500 likishuka kimo cha mita 50, umeme wote unaoweza kupatikana, hata kama hakuna unaopotea njiani, ni takriban uniti 0.2. Sehemu ya tano ya uniti moja! Kwa ajili ya hiyo wanangu nusura waingie mtaroni.

Wauzaji nao wasijitoe. Menyu ya gari langu ni ya Kijapani tupu, na hakuna aliyenieleza kwamba nguvu ya breki hiyo ya umeme inaweza kupunguzwa kwa kubadilisha hali kwenye gia. Nimeligundua mwenyewe baada ya ajali kunikosa. Muuzaji anayeweza kueleza kwa ufasaha gari linakwenda kilomita ngapi kwa chaji moja ana wajibu wa kueleza pia namna linavyojizuia kwenye utelezi, kwa Kiswahili, kabla ya kupokea fedha.

Mnaoendesha magari haya Unguja na Pemba, mvua ikinyesha wekeni breki hiyo kwenye kiwango cha chini kabisa, na mshuke kwa breki ya mguu, polepole, kabla ya kona na si ndani yake. Aliyewahi kupatwa na jambo kama hili naomba aandike hapa mwaka wa gari lake, magurudumu yanayoendeshwa na mota, hali ya tairi na mahali palipotokea, ili nitakaporudi kwa muuzaji nisiwe na kisa changu peke yangu.