Mjadala: Bustani ya uani Tanga, tulime kwa ajili ya mazingira au kwa ajili ya sufuria?

Mtoa mada, Makorora:
Wanajamvi, habari za jioni. Watu wa mazingira wakija mtaani kwetu wanatuambia tupande mboga nyumbani tuiokoe dunia. Tunaitikia, tunapokea mbegu, mbegu zinaharibikia kabatini. Msimamo wangu: tuache kuhubiri tabianchi, tuzungumze mboga. Mama wa Ngamiani anayenunua fungu la mchicha bila kujua limenyweshwa maji ya mtaro gani, ana sababu tosha ya kulima. Enzi za Kilimo cha Kufa na Kupona, ile kampeni ya serikali ya kulima chakula, 1974, hata watu wa mjini walishika jembe, na kilichowasukuma ni njaa. Mifuko ya plastiki nayo tuliiacha Juni 2019 kwa sababu ilipigwa marufuku. Mahubiri yalikuwepo miaka mingi kabla.

Jirani yangu kapanga viroba vya unga ukutani, kavitoboa chini, kachanganya mchanga wetu huu na samadi ya mbuzi. Matembele kachomeka vipando tu, vikashika. Akichuma ncha, zinachipua tena. Maji ya kuoshea mchele yanaishia humo. Machicha ya nazi anayafukia kwanza yaoze, maana mabichi yanaita sisimizi. Semina hajawahi kukanyaga.

Mchangiaji, Raskazone:
Kaka, hapana. Anayelima ili aokoe pesa tu ataacha masika, mboga zikishuka bei. Huyo huyo atapiga dawa ya wadudu leo, kesho achume. Na maji je? Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, waliuza hatifungani ya kijani, yaani walikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa kimazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kutafuta fedha za mradi wa maji. Maji yenye gharama hiyo tuyamwagie mchicha? Bila kuelewa mazingira, bustani ni uharibifu mwingine.

Mchangiaji, Barabara ya 12:
Mnabishana nyie wenye ua. Sisi ni vyumba sita, ua umesakafiwa wote, bomba moja, bili tunagawana. Nikimwagilia mchicha wangu, wenzangu watanielewa?

Mtoa mada:
Dada wa Barabara ya 12, wewe ndiye umegusa penyewe. Bustani nyingi mjini zinauawa na bili na sakafu, wala si uvivu. Kwa bili, anza na maji ya mchele na ya kuoshea mboga. Ya sabuni usiweke. Kiroba ukihama unahama nacho.

Ndugu wa Raskazone, hoja ya dawa ni ya kweli, ila anayepanda mboga ya kula na wanawe ana hofu kubwa zaidi ya dawa kuliko anayepeleka sokoni. Hofu hiyo ndiyo ya kuanzia. Akishazoea kufukia maganda badala ya kuyachoma, mweleze tabianchi, atakusikiliza.

Sasa nawaomba wenye nyumba waliomo humu wajibu: kwa nini ua usakafiwe wote, usiachwe hata ukanda wa hatua mbili kando ya ukuta? Na mpangaji akiomba kuweka viroba vitatu, mnamkatalia kwa sababu gani?