Tupeane uzoefu: safari za gari na mwenza wako Australia ya mikoani

Wakuu, habari za muda huu. Nyuzi za Australia humu ni viza, vyuo na kazi za kulea wazee. Leo Sydney na Melbourne tuziweke kando. Walioshika usukani na wenzi wao kwenda huko mikoani washushe yaliyowakuta: umbali, mafuta, na amani ndani ya gari. Naanza mimi.

Tunaishi Adelaide. Mimi na shemeji yenu tuliamua kwenda Perth kwa gari, kupitia Nullarbor. Watu hudhani kule ni mchanga mtupu. Kumbe ni uwanda wa chokaa wenye vichaka vifupi, mti wa maana unautafuta. Kuuvuka, kutoka mji wa Ceduna hadi Norseman, ni kama kilomita 1,200. Sheli zipo, ila kuna mahali zinaachana karibu kilomita 190, na bei huko si ya mjini. Msimamo wangu: ukiona pampu, jaza, hata mshale ukiwa juu ya nusu. Na hapo ndipo ndoa inapopimwa, maana mmoja anaangalia bei, mwenzake anaangalia mshale.

Kituko ni karantini. Ukienda magharibi, pale Border Village unakaguliwa kabla ya kuingia Western Australia. Matunda, mboga mbichi na asali havivuki. Mama watoto alilijua hilo vizuri, na machungwa yalikuwa yamebaki nusu mfuko. Kutupa chakula kwake ni dhambi. Akaniamuru nipaki pembeni, akatandika kanga juu ya boneti, akawa anamenya moja baada ya jingine na kunipa, asali tukaimalizia na mkate. Maganda yote tukayatia kwenye pipa la taka la hapohapo. Mkaguzi alifungua mpaka friji ndogo, akachungulia chini ya viti, akatuambia twende. Mikono ilinata hadi Eucla. Hao wa Eucla nao wana saa yao peke yao, dakika 45 mbele ya Perth! Simu yangu ikasema hivi, ya mwenzangu ikasema vile, tukabaki kubishana chakula cha mchana ni saa ngapi.

Kati ya vituo vya Caiguna na Balladonia kuna kipande cha barabara kimenyooka kilomita 146.6, kona hata ya dawa hakuna. Tuliongea habari za ada, za mashemeji, za kiwanja kule Kibaha, mpaka maneno yakaisha.

Karibuni wadau.

Mdau wa Shepparton: Asante ndugu. Mie ni mtu wa Bukavu, huku kwetu Shepparton Wakongo tuko wengi. Bibi yangu, yaani mke wangu, hapendi safari ndefu, kwa hiyo tulienda kuona yale maghala ya nafaka yaliyochorwa, kaskazini-magharibi ya Victoria. Njia yote ni kama kilomita 200, kutoka Rupanyup mpaka Patchewollock. Kwenye kijiji cha Brim, ghala limechorwa wakulima wanne, warefu kama jengo la ghorofa. Kazi hiyo ilimalizika 2016. Ila iliyotushika ni ya Sheep Hills: wazee wawili na watoto wawili wa wenyeji wa asili, nyuma yao nyota. Bibi alikaa pale akitazama sura ya yule mama mzee, akasema anafanana na shangazi yake. Vijiji ni vidogo sana, mujue. Jumapili unaweza kukosa hata chai, beba chupa yako.

Mdau: Mkuu, na kangaruu vipi? Nasikia wanavunja magari.

Mleta uzi: Alfajiri na jua likizama ndiyo saa zao. Mwanga wa taa unawazubaisha, anaruka mbele yako badala ya kukimbilia porini. Wenyeji wengi hufunga bampa la chuma. Mikataba mingi ya magari ya kukodi hairuhusu kuendesha usiku nje ya miji huko mbali, kwa hiyo ukimgonga saa hizo, bima inaweza kukukana. Sisi jua likianza kuwa jekundu tunatafuta pa kulala, hakuna mjadala.

Mdada wa Alice Springs: Nyongeza: maroli. Kuna yanayovuta trela tatu, urefu unafika mita 53.5. Mume wangu aliendesha matatu Nairobi, akadhani ku-overtake ni kawaida tu. Nikamwambia, baba, subiri uone mbele peupe kabisa, hili si basi la Ngong. Akasubiri, kwa kununa.

Tukalala Coober Pedy, mji wa opali, watu wanaishi chini ya ardhi kukwepa joto. Chumba kimechongwa kwenye mwamba, hakina dirisha, nje kunachoma na ndani hata feni huhitaji. Nililala kama mfu. Yeye aliamka mara kwa mara kuuliza kama kumekucha. Nje ya mji kuna mabango yanakataza kutembea ukirudi kinyumenyume kupiga picha, kwa kuwa mashimo ya wachimbaji yako wazi. Na kutoka Glendambo hadi hapo ni kama kilomita 250 bila sheli, maji bebeni ya kutosha.

Mleta uzi: Dada umenifurahisha na huyo wa Ngong. Sasa tunapanga Darwin hadi Kununurra, kule kaskazini, na mwenzangu anataka tuende Januari kwa sababu ya likizo. Mimi naogopa mvua na barabara kufungwa. Aliyepita huko mwezi huo aje atusaidie kabla hatujalipia.